Kina cha Rotaveta na Jinsi ya Kukirekebisha

Tangu nilipotoka shuleni kazi yangu ni kuwalimia watu mashamba yao kwa trekta. Kila nifikapo shambani mwenye shamba huniambia, "Bwana, chimba sana!" Adhani ya kuwa kina kikizidi, fedha yake imefanya kazi zaidi. Basi nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi, na ninyi ndugu mliokwisha kutoka shuleni na kupata mashamba, jinsi kina cha rotaveta kinavyorekebishwa, na kwa nini kina kingi si faida siku zote.

Rotaveta ni mashine inayofungwa nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu. Nyuma ya trekta hutokeza shafti inayozungushwa na injini, kwa kawaida mara 540 kwa dakika. Shafti hiyo huendesha giaboksi ya rotaveta, nayo giaboksi hupunguza mwendo na kuugeuza mhimili mrefu uliolala kwa upana. Katika mhimili huo mmefungwa visu vilivyopindwa mfano wa herufi L, navyo huukata udongo na kuutupa nyuma. Aliyebuni mashine hii ni Arthur Clifford Howard wa Australia. Alianza majaribio yake mwaka 1912 huko Gilgandra, akapata hataza mwaka 1920, na mwaka 1938 akaanzisha kampuni Uingereza. Jina lake Rotavator ni la ajabu kidogo: lisome kutoka mwisho kurudi mwanzo, halibadiliki.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Wengi hudhani ya kuwa kina hutegemea tu jinsi dereva anavyoushusha wenzo wa haidroliki. Sivyo. Kila upande wa rotaveta pana kiatu cha chuma kinachoteleza juu ya ardhi, nacho hushikwa kwa boliti katika tundu mojawapo miongoni mwa matundu kadhaa. Kina cha kulima ni umbali uliopo baina ya wayo wa kiatu na ncha ya kisu kinapofika chini kabisa. Ukikipandisha kiatu, visu huzama zaidi. Ukikishusha, visu huinuka. Mwanafunzi mgeni mara nyingi hufanya kinyume chake, kwa hiyo likumbukeni neno hilo.

Kutokana na hayo mtaona jambo jingine. Kama ncha za visu zilikuwa sentimita 12 chini ya wayo wa kiatu, kisha visu vikalika sentimita 3, kina kilichobaki ni sentimita 9, ingawa boliti haikutoka katika tundu lake. Viatu navyo hulika. Kwa hiyo usiliamini tundu; pima.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Simamisha trekta mahali palipo sawa, tenga shafti, inua rotaveta, kisha zima injini, utoe ufunguo. Iegemeze rotaveta juu ya magogo imara, maana haidroliki yaweza kushuka ghafula na mtu akapoteza mkono. Legeza boliti kwa spana, hamisha viatu vyote viwili katika matundu yaliyo sawa, kaza tena. Kiatu kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, upande mmoja utachimba sana na wa pili utakwaruza tu. Halafu utazame mikono ya chini: rotaveta isilale upande. Mwisho rekebisha mkono wa juu, hata rotaveta ikiwa kazini shafti ya giaboksi ielekee sambamba na shafti ya trekta. La sivyo viungo vya shafti vitagonga na kuharibika upesi.

Matrekta mengi yana wenzo mwingine unaoinua plau wenyewe udongo unapokuwa mzito. Wenzo huo haufai hapa. Plau huvutwa, bali visu vya rotaveta vikizunguka huelekea kulisukuma trekta mbele. Shusha rotaveta pole pole huku inazunguka na trekta linakwenda, mpaka viatu vikae juu ya ardhi.

Lima hatua kama ishirini, kisha simama, zima injini, upime. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Udongo uliolimwa huumuka, na ukitia rula juu yake utapata kina kisichokuwapo. Fukua udongo laini mpaka sakafu ngumu, ulaze fimbo iliyonyoka juu ya ardhi isiyolimwa kando yake, upime kutoka fimbo hadi sakafu. Pima kushoto, kulia na katikati. Tena msichanganye kina na ulaini. Mabonge makubwa hayaponywi kwa kuchimba zaidi, bali kwa kwenda pole pole au kushusha bamba la nyuma. Na ardhi ikiwa ngumu, pita mara mbili, mara ya kwanza juu juu.

Je, kina gani kinafaa? Kwa kuandaa kitanda cha mbegu kama mahindi na maharagwe, sentimita 10 hadi 15 zatosha mara nyingi. Ukizidisha, mafuta huisha na visu huumia, na udongo usio na rutuba huletwa juu. Lililo baya zaidi halionekani kwa macho. Visu hupita kwa ubapa wao na kuisugua ardhi ya chini, hasa ikiwa na maji. Ukilima kina kile kile kila msimu, hujengeka tabaka gumu kama sakafu ya nyumba. Mvua ikinyesha, maji hayapiti. Husimama, au huteremka na udongo wako mpaka bondeni. Mizizi ya mahindi ikifika hapo hugeuka kando, na jua likiwaka wiki mbili tu, mmea hunyauka. Dawa ni kubadili kina msimu kwa msimu, kutolima udongo uliolowa, na kulivunja tabaka lile kwa plau ya meno marefu likiisha kujengeka.

Hapa kwetu Uganda pana pia zile nyasi Waganda waziitazo lumbugu. Rotaveta huikatakata mizizi yake vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo huota. Hapo kina chochote hakikuokoi. Afadhali kuing'oa na kuikusanya kwanza.

Basi ndugu zangu, siku mtakapokodi trekta msimwambie dereva achimbe sana. Nendeni shambani na rula na fimbo, mwambieni idadi ya sentimita mnazotaka, na mpime mbele yake kabla hajaendelea. Dereva mwema hatakasirika. Mimi mwenyewe humheshimu zaidi mwenye shamba wa namna hiyo.