Turmalini ya Masisi, dhahabu ya Walikale

Masisi na Walikale ni wilaya jirani za Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ardhi yake humpa sonara vitu vyote viwili vya pete: dhahabu, na turmalini ya waridi au ya kijani.

Turmalini hukua chini sana ardhini, miamba iliyoyeyuka inapopoa. Madini ya kawaida huganda mapema. Hubaki majimaji mepesi yenye boroni, lithi na tantali, yanayopenya kwenye nyufa na kuganda kuwa fuwele kubwa. Mwamba huo huitwa pegmatiti, na ndio unaotoa pia koltani, madini yenye tantali, inayochimbwa Rubaya, Masisi. Manganizi kidogo tu huleta rangi ya waridi, chuma huleta kijani au buluu. Majimaji yakibadilika kabla fuwele haijakamilika, na rangi hubadilika, ndipo hupatikana jiwe jekundu ndani na kijani nje, kama tikiti maji.

Tabia nyingine ya jiwe hili hunistaajabisha zaidi: likipashwa moto, ncha moja hupata chaji chanya na nyingine hasi, likavuta vumbi. Waholanzi wa karne ya 18 walilitumia kuvuta majivu ya viko vyao. Sonara, hata hivyo, huliepusha na moto. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na jiwe lenye nyufa ndogo ndani laweza kupasuka mapema zaidi, kwa hiyo hupachikwa mwishoni.

Moto huohuo hufuta asili ya dhahabu. Ya Walikale ikishayeyushwa pamoja na ya kwingine, haitambuliki tena. Turmalini haiyeyushwi: hubaki na elementi zake adimu, na maabara huzipima kwa leza ili kukadiria ilikotoka.

Ajabu ni kwamba sheria huifuata dhahabu na kuliacha jiwe. Sheria ya Marekani ya 2010 na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2021, zote kuhusu madini ya maeneo yenye vita, zinataja bati, tantali, tungsteni na dhahabu. Utaratibu wa Kimberley, tangu 2003, unahusu almasi ghafi peke yake. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, hasa baada ya waasi wa M23 kuiteka Rubaya mwaka 2024. Ukinunua pete ya turmalini, muulize sonara jiwe limechimbwa wapi na amelinunua kwa nani, kisha udai majibu hayo yaandikwe kwenye risiti.