Ua la Mbuni Halingoji Jumamosi

Nilikuja, nikaona.

Wasimulizi wa Kihaya huanza hivyo, na wasikilizaji hujibu: ona, nasi tuone. Basi sogeeni, wajukuu zangu, maana ninachotaka kuwaonyesha hakizidi kichwa cha kiberiti.

Hapa Nshamba migomba na mibuni ya kibanja chetu imefika hadi mlangoni. (Nasema mbuni wa kahawa, si yule ndege mwenye shingo ndefu.) Kiangazi chote, vichipukizi vya maua ya mbuni hulala kwenye vifundo vya matawi, vimebanana kama watoto waliogawana blanketi moja. Mvua ya maana ikinyesha, vinaamka. Wiki moja hivi baadaye unafungua mlango alfajiri, unakuta kibanja kimekuwa cheupe na kinanukia kama asumini. Siku mbili tatu, basi, maua yamekuwa kahawia. Mwaka juzi nilijiambia nitapiga picha Jumamosi. Jumamosi nilipiga picha za majani.

Sasa nimejifunza. Natoka na simu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuchezea matawi. Wingu likitanda nafurahi, kwa sababu jua kali huunguza weupe wa petali kwenye picha, zikafanana na karatasi tupu. Simu nyingi ukizisogeza karibu mno zinaona ukungu mtupu. Rudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja, gusa ua kwenye kioo cha simu, subiri likolee. Ukiwa na lenzi ya kukuzia, ile ya kusomea herufi ndogo, ishikize mbele ya kamera, kisha songa tena. Hapo usitegemee ua zima lionekane vizuri. Ukilenga katikati, kingo zinafifia. Chagua unachokitaka. Egemeza kiwiko gotini, bana pumzi kidogo, piga. Piga kumi, utapata moja.

Nilichagua kijiti cha katikati. Ncha yake imegawanyika pande mbili, kama ulimi wa nyoka. Hapo ndipo chavua hutua. Na robusta, kahawa yetu kubwa hapa Kagera, ina makuu yake: chavua ya mti wenyewe haiikubali. Inataka ya mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Ndiyo maana mbuni mmoja uliopandwa peke yake unaweza kuchanua ukapendeza kisha usizae cha kujivunia. Chavua ikikubaliwa, itachukua miezi tisa hadi kumi na moja kupata buni mbivu.

Mkikosa mbuni, lipigeni ua la boga. Lenye kijitufe chini yake ni jike. Dume lina kikonyo chembamba tu. Wahini, kabla ya adhuhuri limeshajikunja.

Wala msiniambie hamna kamera nzuri. Kulikuwa na Mjerumani, Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa huko Berlin. Hakusomea upigaji picha. Alijitengenezea kamera, akapiga mimea miaka na miaka ili wanafunzi wake waone maumbo, akiikuza hata mara thelathini. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1928 alikuwa na umri wa miaka 63, na watu wakashangaa kuona chipukizi la jimbi limejikunja kama nakshi ya chuma.

Picha yangu nilimwonyesha jirani, mzee aliyezaliwa na kuzeekea katika mibuni. Akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Pembeni mwa ua palikuwa na sisimizi ambaye sikumwona nilipokuwa napiga.

“Hili ni la kwangu au la kwako?” akauliza.

“La kwako, Mzee. Ule mti wa karibu na kisima.”

Akanyamaza. Nikasogeza picha inayofuata, ya ua la boga.

“Hapana,” akasema. “Rudisha ile.”