Mnapanga kwenda Kakamega Forest? Laleni huko, na spika iacheni nyumbani

Wikendi ndefu ikikaribia, kundi la WhatsApp huamka. Mmoja anataka Naivasha, mwingine Diani, mwingine hataki chochote ila anauliza nani atalipa mafuta. Halafu kuna yule mmoja ambaye huandika, "Si twende Kakamega tuone msitu," na watu wanamjibu kwa stika. Nawaandikia hasa huyo wa mwisho. Wazo lake ni zuri kuliko ya wengine wote, shida ni mpango. Mbogi ikirudi Nairobi imelowa, imechoka na imeona miti pekee, hakuna atakayemskiza tena mpaka Krismasi.

Kwanza, mambo bila kuficha. Kakamega hakuna simba. Ndovu na nyati walitoweka huko kitambo. Kama mnachotafuta ni picha ya twiga, Nairobi National Park iko hapo tu na mtarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Kakamega mnaendea kitu kingine: ndicho kipande cha mwisho, upande huu wa mashariki, cha ule msitu wa mvua wa Kongo na Uganda. Kuna ndege, nyoka na vipepeo pale ambao ukishavuka Bonde la Ufa kuja huku kwetu, husahau. Hawapo.

Na si msitu wa joto la kukuvua shati. Uko juu, kama mita 1,500 hadi 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo alfajiri ni baridi na sweta ni lazima. Mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na tabia yake inajulikana: asubuhi jua, saa nane au saa tisa mchana mawingu yanajikusanya, kisha yanamwaga. Aprili na Mei ndiyo miezi ya kulowa kabisa. Desemba hadi Februari njia huwa kavu zaidi. Lakini hata Januari, koti la mvua liwe kwenye begi.

Sasa, swali ambalo watu hawaulizi hadi wafike stendi ya Kakamega na mabegi mgongoni: mnaenda upande gani? Kuna milango miwili na ni kama misitu miwili. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985, na mwenye nyumba ni KWS. Unashukia barabara ya Kakamega kwenda Webuye, halafu unatembea au unachukua boda hadi langoni. Kusini ni Isecheno, ambako mwenye nyumba ni KFS, na unafika kwa kukata kona Khayega kupitia Shinyalu. Tiketi ya huku haikuingizi kule. Nimeona watu wakibishana na askari langoni kuhusu hilo, na askari hana makosa.

Buyangu kumetulia zaidi, na ndiko Mto Isiukhu unakopita. Isecheno miti ni mikubwa zaidi, na kima wake wamezoea watu kwa sababu watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu 1979. Fikiria hilo: kuna familia za kima zinazojulikana vizazi na vizazi kuliko unavyojua ukoo wa babako. Ndiyo maana ukienda mara ya kwanza na una siku moja tu ya kutembea, mimi nasema Isecheno. Ukiwa na siku mbili, lala kusini usiku wa kwanza na kaskazini usiku wa pili.

Nimesema "usiku" makusudi. Safari ya kwenda na kurudi siku moja ndiyo inayoharibu kila kitu. Basi la usiku kutoka Nairobi linakufikisha Kakamega alfajiri, sawa, lakini wanaokodi matatu ya kundi huondoka saa kumi na mbili asubuhi, wanasimama Nakuru kula, wanafika msituni saa tisa, mvua hiyo, picha mbili, kurudi. Wanyama wa msitu wana ratiba yao. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kama saa tatu na nusu kuna shughuli nyingi, baadaye kimya, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Anayelala karibu na lango anapata vipindi vyote viwili kwa miguu yake. Anayelala Kisumu, hata ikiwa ni kilomita kama 50 tu hadi Kakamega mjini, atafika wakati mbega ashakula na anasinzia.

Huyo mbega ndiye nyota wa pale. Mweusi, na joho jeupe limemteremkia mabegani hadi mkia. Alfajiri dume hunguruma, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka, na dume wa kundi jirani hujibu. Hula majani zaidi, na majani huchukua muda kusagika tumboni, kwa hivyo sehemu kubwa ya siku amekaa tu. Kwako wewe hiyo ni habari njema: ukimpata, una dakika ishirini za kumtazama bila haraka. Angalia mkono wake. Hana kidole gumba, amebaki na kijinundu tu, na bado anaruka kutoka tawi hadi tawi kuliko mtu yeyote unayemjua mwenye vidole vyote.

Kima wa buluu (ambaye kusema kweli ni wa kijivu) na yule wa mkia mwekundu mara nyingi hutembea pamoja. Wa mkia mwekundu utamtambua kwa alama nyeupe puani, umbo la moyo. Kuna mwingine mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa kanisa, De Brazza, lakini huyo anaishi Kisere, kipande kidogo kilichojitenga kaskazini ya Buyangu, na akihisi hatari anaganda kama sanamu hadi uondoke. Kumtafuta ni kazi ya asubuhi nzima. Usiwaahidi wenzako.

Ndege ni zaidi ya aina 300. Wewe si mtaalamu wa ndege? Hata mimi si mtaalamu. Lakini kuna wawili ambao huhitaji kujua lolote ili washike akili yako. Wa kwanza ni turako mkubwa wa buluu, karibu ukubwa wa jogoo, na shungi kichwani kama ametoka kinyozi. Haruki sana, anakimbia juu ya matawi. Wa pili ni hondohondo mweusi na mweupe, ambaye utamsikia kabla hujamwona kwa sababu mabawa yake yanavuma. Ukisikia kama mtu anapuliza upepo kwa nguvu juu ya kichwa chako, inua macho.

Mtoni nako usipite mbio. Njia ya kwenda maporomoko ya Isiukhu kutoka Buyangu ni nzuri, ila maporomoko yenyewe si Thomson's Falls, msijidanganye. Kinachofaa ni kukaa kando ya maji. Jua likipenya, vipepeo hushuka kwenye matope yenye unyevu kunyonya chumvi, wakati mwingine makumi kwa makumi, na ukitulia watakukalia hadi kwenye kiatu. Maji utayakuta ya kahawia wakati wa mvua, kwa sababu yamepita mashamba kabla ya kuingia msituni. Isiukhu huenda kujiunga na Nzoia, Yala ya kusini inashika njia yake, na yote mwisho ni Ziwa Victoria. Kuogelea? Hapana.

Usiku, omba mwelekezi awapeleke matembezi ya tochi. Kuna poto, mnyama mdogo wa jamii ya komba, anayetembea polepole sana kwenye matawi na macho yake yanarudisha mwanga wa tochi. Kuna popo pia. Watu wawili au watatu kwenye kila kundi la marafiki watakataa kwenda. Waacheni walale.

Hapo kwa mwelekezi ndipo nataka tuongee vizuri.

Safari nyingi za vijana tunazoona zikitangazwa mitandaoni zina bajeti ya basi, bajeti ya mpiga picha, bajeti ya tisheti zenye hashitegi. Mwelekezi ni mmoja kwa watu arobaini, kama yupo. Sauti yake haifiki nyuma. Wa nyuma wanacheza muziki. Kima wameshahama. Halafu mtu anarudi Nairobi akisema Kakamega ni miti tu.

Sasa mfikirie kijana wa Shinyalu. Amezaliwa ukutani mwa msitu. Anaambiwa kila siku asikate mti, asichome makaa. Kaskazini KWS hairuhusu kuchukua kitu. Kusini KFS huruhusu baadhi ya mambo kama kuni zilizokauka na malisho, kwa malipo. Wengine wa rika lake wakaamua kujifunza sauti za ndege, moja baada ya nyingine, hadi wakaweza kukuambia kilicholia nyuma ya majani bila kugeuka. Pale Isecheno waelekezi walianzisha hata mpango wao wa elimu ya mazingira, KEEP, unaofundisha watoto wa shule za karibu. Huyo mtu analipwa kwa kila matembezi. Hakuna wageni, hakuna ganji. Basi la watu arobaini likija na kumlipa mara moja kwa saa moja, msitu umemlipa nini kuliko gunia la makaa?

Kwa hivyo hesabu yenu ianzie hapo. Watu sita kwa mwelekezi mmoja, wasizidi. Mkiwa kumi na wawili, wawili. Mpigie simu siku kadhaa kabla, mkubaliane saa na bei, msianze kubishana langoni kama mnanunua viatu Gikomba. Mimi chuo niliacha, na sijuti, lakini nakwambia hakuna mhadhiri aliyewahi kunifanya nitulie saa tatu bila kushika simu. Mwelekezi wa Isecheno aliweza, na somo lilikuwa mti mmoja wa mkuyu na wote waliokuja kula matunda yake.

Bei za kuingia siziandiki hapa kwa sababu hubadilishwa, na kuna gazeti la zamani hupotosha watu kila mwaka. Angalia tovuti za KWS na KFS wiki ya safari. KWS hawapokei pesa taslimu langoni, unalipa kupitia eCitizen, basi lipa mkiwa bado mjini ambako mtandao una nguvu. Beba kitambulisho, la sivyo utaongea sana kueleza kwamba wewe ni Mkenya. Mwanafunzi abebe kadi ya shule. Buyangu kuna vibanda vya Udo na uwanja wa hema, maisha ya kawaida kabisa: chakula, tochi na maji ya kunywa ni juu yenu. Mwenye pesa zake upande wa kusini kuna Rondo Retreat, nyasi zimekatwa na chai inakuja na birika.

Nguo: usivae nyekundu wala nyeupe ya kung'aa. Suruali ndefu, na miguu ya suruali uiingize ndani ya soksi. Wasee hucheka hilo hadi wakanyage msafara wa siafu. Siafu hawang'ati mara moja, wanapanda kwanza, wanajipanga, ndipo wanaanza. Lakini ukiwaona wakivuka njia, simama mbali kidogo usubiri, kwa sababu kuna ndege wanaofuata siafu kula wadudu wanaokimbia, na hapo utaona ndege wa chini ambao siku nyingine hujificha. Nyoka wapo, wakiwemo fira wa msituni na kifutu, na ni nadra kuwaona. Viatu vilivyofungwa, mwelekezi mbele, mikono isiingie kwenye magogo. Cha kuhofia zaidi ni mbu, Magharibi ni ukanda wa malaria na nyinyi mmetoka Nairobi. Ongeeni na mhudumu wa afya kabla ya safari, na mlale ndani ya neti. Mkipata darubini ya kuazima, hata moja kwa watu wanne, ichukueni. Kamera ya simu kwa mbega aliye juu ya mti wa mita thelathini itakupa doa jeusi.

Spika nimeshasema kwenye kichwa cha habari. Sitarudia.

Ukikutana na akina mama wamebeba kuni, salimia, "Mulembe," na usiwapige picha bila kuomba. Mukombero utauziwa barabarani, ule mzizi wa kutafuna ambao vijana wanaume huununua wakiangalia kando. Uliza kama umepandwa shambani au umechimbwa msituni, nunua wa shambani. Kuna pia Naturub, dawa ya kupaka inayotokana na mmea ambao wakulima wa kikundi cha Muliru wanaulima wenyewe kando ya msitu. Inafaa kwa misuli baada ya kupanda kilima cha Lirhanda.

Na hicho kilima kipandeni siku ya mwisho, giza likiwa bado, na mwelekezi wenu. Ukiwa juu unaona msitu wote chini, ukungu umelala juu ya miti, na ukingo wake unaonekana wazi kabisa: hapa miti, hatua inayofuata ni miwa na mahindi. Shukeni saa mbili, mlipe mwelekezi chake chote, mchukue boda hadi Khayega. Kama ni Jumamosi na mnasikia isukuti na filimbi, kuna mafahali wanapigana mahali karibu, na hapo mtaamua wenyewe kama basi la saa nne linawasubiri au haliwasubiri.