Boti ikigonga kisiki au kiboko: kwa nini nyingine zinazama na nyingine zinabaki juu?

Kwa mvuvi wa Ziwa Basotu au Ziwa Babati, kugongana majini si meli mbili kukutana kama kwenye sinema. Ni kisiki kilichofichwa na maji, ni mtumbwi wa mwenzako usio na taa usiku, au ni kiboko anayeibuka chini yako.

Injini imeongeza uzito wa jambo hili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Boti inayokwenda kilomita 20 kwa saa inagonga kisiki kwa nguvu mara 16 ya mtumbwi wa kasia unaokwenda kilomita 5, hata kama uzito ni sawa. Na uzito hauwi sawa, maana injini nayo ni kilo kadhaa.

Kinachofuata kinategemea boti imejengwa kwa nini. Kwenye boti ya mbao, ubao wenyewe mara nyingi hauvunjiki. Kinachoachia ni maungio: misumari inalegea, pamba iliyozibia inatoka, maji yanaingia kwa mstari mrefu. Mbavu za ndani, yaani mataruma, zikiwa mbalimbali sana, ubao unapinda katikati na kupasuka. Faiba ni nyepesi na haiozi, ila haibonyei. Ikizidiwa inapasuka. Alumini inabonyea kwanza, na kule kubonyea kunakula sehemu ya nguvu, kama bampa ya gari.

Lakini kwangu swali kubwa si tundu. Swali ni hili: boti ikijaa maji, itaelea?

Mbao nyingi ni nyepesi kuliko maji. Chombo cha mbao kikijaa, mara nyingi kinabaki juujuu na watu wanakishikilia, mradi injini na mzigo havijakizidi. Faiba, alumini na chuma ni nzito kuliko maji. Vinaelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani tu. Nchi yetu ililiona hili kwa uchungu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Haikugonga kitu, lakini ilikuwa bado inaelea chini juu kwa hewa iliyobaki ndani. Likatobolewa tundu ili kuwaokoa walionasa humo. Hewa ikatoka, meli ikazama.

Ndiyo maana boti nzuri za faiba zina vyumba vilivyozibwa kabisa, au povu gumu chini ya sakafu. Kama yako haina, madumu yanasaidia. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba karibu kilo 19 majini, kwa hiyo watu wazima wawili wakilishikilia, vichwa vinabaki juu. Yafunge kwa kamba imara chini ya mabenchi, mbele na nyuma. Yakiachwa huru yataelea yenyewe na kukuacha. Jaketi la kuokolea bado unalihitaji.

Ukinunua boti ya faiba iliyotumika, igonge kwa sarafu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa upande wa chini. Mlio mkali ni mzima. Ukisikia mlio mzito, kama wa kugonga boksi, huenda tabaka za ndani zimeachana kwa kugongwa zamani, hata kama rangi juu inang'aa. Mwite fundi wa faiba aikague kabla hujatoa pesa.