Kamera Yenye Akili Haimjui Mwizi

Kazi yangu tangu nilipomaliza masomo ni kufunga kamera za ulinzi katika maduka na nyumba za hapa Kampala. Siku hizi karibu kila mwenye duka anayeniita huniuliza swali moja: "Fundi, hii ni ile yenye akili? Itamtambua mwizi?" Swali hilo ni jema, lakini jawabu lake halifahamiki mpaka mtu aelewe jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Kwa hiyo nimeona yafaa nilieleze katika gazeti letu. Baadhi yenu mtakuwa na maduka na nyumba za kulinda. Na ninyi nyote, mpende msipende, mtapita mbele ya kamera hizo.

Kamera ya kulinda nyumba si jambo la jana. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa Queens, katika mji wa New York, jina lake Marie Van Brittan Brown, aliomba hati ya uvumbuzi pamoja na mumewe Albert, naye alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Mtambo wao uliwawezesha kumwona mgeni wa mlangoni katika televisheni, kusema naye, na kufungua mlango kutoka mbali. Hati hiyo walipewa mwaka 1969. Lakini mtambo ule ulikuwa jicho tu. Akili ya kuamua nani afunguliwe ilikuwa ya Bibi Brown mwenyewe.

Baadaye zikaja kamera za kutambua mwendo. Picha ya kamera imefanywa kwa nukta nyingi ndogo ndogo, na kila nukta ina namba ya mwanga wake. Kamera hizo hulinganisha picha ya sasa na ile iliyotangulia; zikiona nukta nyingi zimebadilika, hupiga kengele. Njia hii ni rahisi, lakini haina busara. Jani la mgomba likipepea, kengele! Mvua ikinyesha, kengele! Buibui akitanda utando mbele ya kioo, kengele usiku kucha. Na msimu wa senene ukifika mwezi wa Novemba, wakaruka kuifuata taa ya ukuta, mwenye nyumba hapati usingizi hata kidogo. Mwisho wake ni kwamba huizima kengele, na mwizi akija kweli hakuna anayejua.

Hapo ndipo akili bandia iliposaidia. Badala ya kuuliza, "Je, kitu kimetikisika?", kamera mpya yauliza, "Je, kilichotikisika chafanana na nini?" Ili iweze kujibu, wataalamu huipa kompyuta picha maelfu kwa maelfu, kila moja imeandikwa jina lake: huyu mtu, huyu mbwa, hili gari. Kompyuta hubahatisha, ikikosa, namba zilizo ndani yake husahihishwa kidogo, kisha hubahatisha tena, mara nyingi sana, mpaka makosa yapungue. Mpango huo wa hesabu huitwa mtandao wa neva bandia. Wazo lake ni la zamani, lakini nguvu zake zilidhihirika mwaka 2012, wakati watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, walipowashinda wenzao kwa mbali katika mashindano ya kutambua picha. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na kidude kidogo ndani ya kamera yenyewe, au picha hupelekwa kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali.

Kwa njia hiyo kamera yaweza kutofautisha mtu na mbwa, na gari na jani. Waweza kuchora mstari mbele ya lango, ikuambie mtu anapouvuka baada ya saa nne za usiku. Nyingine husoma namba za magari, nyingine husikiliza mlio wa kioo kinachovunjika. Huu ni msaada mkubwa, nami nauona kila siku. Askari wa usiku ambaye zamani alikodolea macho picha kumi na sita kwa pamoja, sasa huitwa panapohitajika tu.

Lakini angalieni sana neno hili. Kamera haisemi, "Huyu ni mtu." Yasema, "Yaelekea huyu ni mtu, kwa kadiri ya 87 katika 100." Mwenye kamera ndiye anayeamua kengele ilie kuanzia kiasi gani. Akiweka kiasi cha chini, hata kivuli kitaitwa mtu. Akiweka cha juu mno, mtu aliyejifunika kanga atapita salama. Hakuna kiasi kinachoondoa makosa ya namna zote mbili kwa pamoja. Ukipunguza haya, waongeza yale.

Tena, kutambua mtu si kutambua mwizi. Wizi hauna umbo. Jirani anayekuja kuazima ngazi na mhalifu anayekuja kuiiba, wote wana mikono miwili na miguu miwili, na wote hupita langoni. Ziko kamera ambazo hupiga kengele mtu akikaa mahali muda mrefu; lakini mwendesha bodaboda anayemngoja abiria hukaa muda mrefu pia. Nia ya mtu imo moyoni mwake, na kioo cha kamera hakifiki huko.

Hatari yaongezeka tunapoingia katika kutambua nyuso. Hapa kompyuta hugeuza uso kuwa orodha ya namba, kisha huilinganisha na namba za nyuso zilizohifadhiwa. Zikikaribiana vya kutosha, husema, "Ni yule." Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Duka lina picha 20 za watu wanaoshukiwa, na wateja 500 huingia kwa siku. Kila mteja hulinganishwa na picha zote, yaani 500 mara 20, ndiyo milinganisho 10,000. Tuseme mashine hukosea mara moja tu katika milinganisho 1,000. Msifu atasema ni mashine hodari. Lakini 10,000 gawanya kwa 1,000 ni kengele 10 za uongo kila siku! Na ikiwa mwizi wa kweli huja mara moja kwa mwezi, basi katika kengele mia tatu na moja, mia tatu zimewaangukia wasio na hatia.

Na makosa hayo hayagawanywi sawasawa. Mwaka 2019, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za kutambua nyuso. Katika nyingi, kosa la kumdhania mtu kuwa mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki kuliko za watu wa Ulaya Mashariki. Mara 10 hadi 100 na zaidi, kwa kadiri ya programu. Ziko chache zilizo bora ambazo tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana. Basi kosa si la rangi ya mtu, bali la namna mashine ilivyofunzwa na kujaribiwa. Anayenunua bila kuuliza imefunzwa kwa nyuso za nani, anunua asichokijua.

Mifano ya watu walioumia ipo. Mwezi wa Januari 2020, polisi wa mji wa Detroit walimkamata Bwana Robert Williams mbele ya mkewe na watoto wake, kwa sababu kompyuta ilisema picha yake yafanana na picha hafifu ya mtu aliyeiba saa dukani mwaka 2018. Alizuiliwa kwa muda wa saa 30 hivi, naye hakuwa na hatia. Mwaka 2024 mji huo ulikubali kumlipa, na kukubali kwamba polisi wake wasimkamate mtu kwa ushahidi wa mashine hiyo peke yake. Katika Desemba 2023, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilitangaza kuwa maduka ya dawa ya Rite Aid yasitumie mashine za nyuso kwa miaka 5. Tume ilieleza kwamba kengele za uongo zilikuwa maelfu, na kwamba wafanyakazi waliwafuatafuata wateja na kuwapekua, akiwamo msichana wa miaka 11.

Sasa fikirini jambo hilo likitokea kwetu. Huko mtu aliyedhaniwa vibaya alipelekwa kituoni, akapata wakili, akalipwa. Kwetu mtu akinyoshewa kidole sokoni, na sauti moja ikapaza, "Mwizi!", umati hukusanyika kabla ya polisi, na mawe hayangoji ushahidi. Kengele moja ya uongo yaweza kumtoa mtu roho. Kwa hiyo hili si suala la vyombo tu, ni suala la uhai.

Kwa sababu hiyo nawapa wateja wangu mashauri haya. Kwanza, tumieni kamera kutambua watu na magari usiku. Msifungue utambuzi wa nyuso kwa ajili ya fahari. Pili, kengele ikilia, mtu mwenye akili zake aitazame picha kabla ya neno lolote kusemwa hadharani. Tatu, kamera ifungwe mahali inapoweza kuona uso. Ikifungwa juu mno huona kofia tu. Nne, badilisheni neno la siri lililotoka kiwandani, ama sivyo wageni watatazama nyumba yenu kuliko ninyi. Tano, wekeni kibao kuwaarifu watu, na picha zisizohitajika zifutwe. Picha ya uso ni mali ya mwenye uso, na sheria zipo: Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Basi mwenye duka akiniuliza kama kamera itamtambua mwizi, namjibu hivi: itakuamsha, itakuonyesha, na itakukumbusha; kuhukumu haiwezi. Nanyi wanafunzi mnaopenda hesabu, jifunzeni kazi hii kwa bidii. Mashine hizi hujifunza kwa picha wanazopewa na watu, na ni haki kwamba miongoni mwa watu hao wawemo wanaozijua nyuso zetu.