Maneno ya Kiingereza yanayoweza kukugharimu haki yako

Kiingereza cha dukani, cha kazini na cha kwenye basi, wengi wetu tulio ughaibuni hukimudu baada ya miaka michache. Kipo kingine kinachokuja ndani ya bahasha au kutamkwa na hakimu, na hicho hakimhurumii anayebahatisha. Leo, ndugu msomaji, tuyatazame baadhi ya maneno yake: yanavyoandikwa, yanavyotamkwa na maana yake. Herufi kubwa katika matamshi zinaonyesha mkazo ulipo.

Tatizo letu la kwanza ni kwamba Kiswahili kimetuzoesha kusoma kila herufi tunayoiona. Kiingereza sivyo.

Subpoena hutamkwa sa-PII-na; b haisikiki. Ni amri ya kufika mahakamani kutoa ushahidi au kuwasilisha nyaraka. Linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "chini ya adhabu", yaani ukikaidi utaadhibiwa. Nchini Marekani linatumika sana.

Indictment ni in-DAIT-ment, bila c. Ni hati ya mashtaka ya jinai. Aliyelisikia tu, akalitafuta kwenye kamusi kama alivyolisikia, hatalipata.

Debt ni det, yaani deni. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa bila b. Baadaye wasomi wakaichomeka herufi hiyo ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini, lakini ulimi wa watu haukuwafuata. Kisa cha p katika receipt, ri-SIIT, yaani stakabadhi, ni hichohicho.

Arrears ni a-RI-az: malimbikizo ya deni, kama vile kodi ya nyumba iliyopitisha muda wake. Ukiliona pamoja na bailiff, BEI-lif, usiiweke barua hiyo kando. Huyo ni dalali wa mahakama.

La mwisho ni fupi, na pengine ndilo la hatari zaidi. Waive hutamkwa weiv, sawasawa na wave, yaani wimbi au kupunga mkono. Maana yake ni kuiacha kwa hiari haki uliyo nayo. Nchini Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Miranda dhidi ya Arizona mwaka 1966, polisi wanapaswa kumweleza mtu aliye kizuizini, kabla ya kumhoji, kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Anaweza kuulizwa kama anaziacha haki hizo, na neno lenyewe ndilo hilo. Mgeni aliyelelewa kutombishia mkubwa huitikia kwa kichwa, akidhani anaonyesha adabu. Kumbe tayari amekubali kuhojiwa bila wakili.

Tufanyeje basi? Kila neno geni liandike katika daftari kwa safu tatu: tahajia, matamshi na maana. Litamke kwa sauti, kwa sababu neno ulilolijua kwa macho tu litakupita masikioni. Na ukiwa mbele ya polisi au hakimu, usione haya kuomba mkalimani kabla ya kujibu au kutia saini. Wahenga walishasema, kuuliza si ujinga. Ndiyo yako ikishaandikwa kwenye jalada, kuifuta ni kazi nyingine.