Mwalimu wa Udaktari Anapopanda Jukwaani

Wanafunzi wa udaktari wamekaa duara na mwalimu wao, wanajadili kisukari. Mmoja anasema wagonjwa wa mtaa fulani hawapati nafuu kwa sababu hawajali. Kuwashauri ni kupoteza muda. Binti mmoja, mzaliwa wa mtaa huo huo, anainamisha kichwa. Mwalimu anatazama saa. "Haya, tuendelee."

Hapo igizo linasimamishwa. Watazamaji ni madaktari wanaofundisha, na mwezeshaji anawauliza wameona nini. Waigizaji hawavui uhusika. Binti akiulizwa kwa nini alinyamaza, anajibu kama binti yule yule: alikuwa anamsubiri mwalimu aseme neno. Mwalimu naye anajitetea kwamba muda ulikuwa umekwisha na hakutaka kumwaibisha mtu. Kisha daktari mmoja anaombwa achukue nafasi ya mwalimu huyo, na igizo linaanza upya.

Kisa hiki nimekitunga, lakini mbinu yenyewe inatumika. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina kikundi cha waigizaji kilichoanzishwa mwaka 2000, CRLT Players, ambacho kazi yake ni kuwanoa wahadhiri. Katika shule ya tiba ya chuo hicho, wanafunzi walizitembelea familia zinazoishi na maradhi sugu, kisha wakayajadili waliyoyaona katika vikundi vidogo chini ya madaktari. Mijadala ya namna hiyo hufika haraka kwenye rangi, jinsia na umaskini. Mwaka 2007, Arno Kumagai na wenzake walieleza katika jarida la Medical Teacher jinsi igizo shirikishi lilivyotumika kuwaandaa walimu hao.

Asili ya mbinu hii ni Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil aliyefariki mwaka 2009. Akiwa Peru mwaka 1973, katika kampeni ya kisomo, kikundi chake kiliigiza kisa cha mke aliyesalitiwa na mumewe. Mwanamke mmoja katika hadhira alitaka mke azungumze na mume "kwa uwazi". Waigizaji wakajaribu, wakarudia, mama hakuridhika. Boal akamwomba apande mwenyewe aonyeshe. Alipanda, akashika ufagio, akamcharaza mwigizaji aliyekuwa mume. Boal akatambua kwamba mtazamaji anajua jambo ambalo mwigizaji hawezi kumsemea.

Tanzania nayo ina historia ya karibu na hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya sanaa za maonyesho na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe.

Je, madaktari wanahitaji haya kweli? Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa tiba na madaktari vijana weupe kama ni kweli, kwa mfano, kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mweupe. Karibu nusu walikubali angalau dai moja la uongo la aina hiyo. Walioyaamini zaidi walikadiria kuwa mgonjwa mweusi anaumia kidogo kuliko mweupe, na mapendekezo yao ya matibabu hayakuwa sahihi sana. Imani kama hizo si lazima ziandikwe katika mtaala. Zinaweza kuingia kupitia maneno yanayosemwa mbele ya mwalimu naye akanyamaza.

Mhadhara pekee hauondoi ukimya huo. Hakuna anayejua kushona jeraha kwa kusikiliza maelezo tu. Mkono lazima ushike sindano. Vivyo hivyo, ni lazima mwalimu aitamke ile sentensi ngumu, "Hebu tusimame hapo, umejuaje kwamba hawajali?", aone sura zinavyobadilika, akosee, ajaribu nyingine. Jukwaani akikosea, hakuna mwanafunzi aliyeumizwa.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa vyuo vyetu vya tiba na uuguzi: waiteni wasanii. Mnao karibu, na wanaijua kazi hii.